Sura ya Tano: Mbona Nikiomba Sihisi Kitu?

Kila mwalimu wa darasa la watu wazima kanisani, awe Wote au Mwingi, Mutomo au Mbooni, amewahi kuvutwa kando baada ya ibada akaulizwa swali hili. Huulizwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. "Mwalimu, zamani nikiomba nilikuwa nalia. Nikiimba, mwili wote unasisimka. Siku hizi naomba tu kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Je, nimerudi nyuma?"

Liko pia jambo la pili, ambalo halinong'onwi. Hili mara nyingi si swali bali ni tangazo: "Nimehisi Bwana ananiambia niache dawa za presha." Au niache kazi. Au niolewe na fulani.

Wengi wetu tungesema wa kwanza amepungukiwa imani na wa pili anayo tele. Mimi naona wote wawili wameteleza mahali pamoja: wameipa hisia kazi isiyo yake. Hisia hukujulisha kwamba jambo limekupata. Haikwambii ni jambo gani, limetoka wapi, wala ufanye nini kesho asubuhi. Kwa hayo ya pili Mkristo ana Maandiko, na ana watu wa kuyasoma nao.

Ninaposema hisia nakusudia yale yanayomjia mtu ndani bila kuyaita: machozi, furaha, hofu, mwili kusisimka, utulivu wa ghafla. Ninaposema Maandiko nakusudia Biblia nzima inavyosomwa na kufundishwa kanisani, si mstari mmoja uliobandikwa kwenye kioo cha matatu.

Kanisa la wasomaji

Ukambani, mvutano huu wa hisia na Maandiko una historia, na sehemu yake kubwa huanzia mlima Nzaui, katika Makueni ya leo. Desemba 1895 kikundi kidogo cha Africa Inland Mission, AIM, kilifika hapo kutoka Mombasa na kujenga kituo cha kwanza cha misheni hiyo. Kiongozi wao alikuwa Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow aliyekulia Marekani. Ndani ya mwaka mmoja kulikuwa na vituo vingine Sakai, Kilungu na Kangundo. Desemba 1896 Scott alikufa kwa homa kabla hajafikisha miaka 30. Wenzake kadhaa walikufa au wakarudi kwao, lakini kazi haikufa. Kutokana nayo tuna kanisa ambalo tangu 1943 linaitwa Africa Inland Church, AIC, ambalo leo ni vigumu kutembea mbali Makueni bila kuona bango lake.

Kitui wengine walikuwa wametangulia. Ludwig Krapf alifika kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi mwaka 1849, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walutheri wa Kijerumani walijenga Ikutha, baadaye Mulango. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, AIM ilichukua kazi yao.

Wote hawa walikuja na kitabu. Krapf alichapisha tafsiri ya Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, kabla hata hakujawa na Mkamba wa kuisoma. Agano Jipya zima lilitoka 1920, na Biblia kamili 1956. Mkristo wa mwanzo alijulikana kijijini kama msomi. Kabla ya kubatizwa ulikaa darasani muda mrefu, ukajifunza herufi na mafundisho pamoja, ukaulizwa maswali na wazee. Kulia kwako hakukukaribisha kwenye maji ya ubatizo. Kujibu ndiko kulikokukaribisha.

Nalisema hili kwa heshima. Bibi aliyeketishwa chini ya mti akafundishwa kusoma Injili ya Yohana alipewa kitu ambacho hakuna chifu wala mume angeweza kumnyang'anya. Lakini desturi hiyo ilitufunza pia kwamba mtu wa Mungu ni mtu aliyetulia, na kwamba anayetetemeka ana jambo la kutiliwa shaka.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba mwanzilishi mwenyewe hakuanza hivyo. Kabla ya Nzaui, Scott alikuwa Kongo, ambako alimzika ndugu yake kwa mikono yake mwenyewe, kisha yeye naye akaugua akarudi Uingereza amevunjika moyo. Wanaosimulia historia ya AIM husema kwamba mjini London aliingia Westminster Abbey, akasimama penye kaburi la David Livingstone, akasoma maneno yaliyochongwa pale kutoka Yohana 10, yale ya kondoo wengine walio nje ya zizi. Akapiga magoti. Moyo wake ukafufuka, na wazo la vituo kutoka pwani kuelekea bara likashika. Basi misheni iliyokuja kutilia shaka machozi ilizaliwa katika magoti ya mtu aliyeguswa mno. Tena aliguswa akiwa anasoma. Tutalirudia hilo.

Ngoma iliyobaki nje

Wakamba ni watu wa ngoma. Hilo halihitaji ushahidi, limeandikwa na kila mgeni aliyepita hapa. Kilumi, hasa, ilikuwa ngoma ya maombi: ilichezwa mvua ilipokawia, au mtu aliposumbuliwa na aimu, yaani roho za waliotangulia. Wanawake ndio waliokuwa vinara wake. Mpigo uliendelea mpaka mwenye kupagawa aseme kilichomsibu, na watu wakakisikia.

Wamisionari waliifungia nje pamoja na pombe na ndoa za wake wengi. Sitabishana hapa kama walikosea kuhusu aimu. Ninachosema ni kwamba pamoja na aimu, walifungia nje mahali ambapo mwanamke aliyelemewa angeweza kupiga kelele mbele ya watu na akasikilizwa. Ndani ya kanisa hakukuwa na mahali pengine pa kufanya hivyo.

Na kitu kikifungiwa nje hakiondoki, hutafuta mlango. Mwaka 1911 wimbi la ngoma na kupagawa lilienea Machakos, likiongozwa na Siotune wa Kathuke na Kiamba, na serikali ya kikoloni ikaogopa hata ikawahamisha wote wawili. Mwaka 1922, Kilungu, Ndonye wa Kauti alitangaza kwamba Mungu amesema naye na kwamba nyakati mpya zaja. Watu walimiminika. Serikali ilimpeleka Siyu, kisiwani Pate, na hakurudi tena. Mwaka 1945 Simeon Mulandi na wenzake walianzisha African Brotherhood Church, kanisa la Wakamba waliotaka kumwabudu Mungu wa Biblia bila kumwomba mzungu ruhusa ya namna ya kuimba.

Matukio haya hayafanani, na siasa imo ndani ya kila mojawapo. Ila nikiyapanga mstari mmoja naona watu ambao kanisa la darasani halikuwapa pa kuweka mwili wao.

*Kwa ufupi:* Injili ilikuja Ukambani ikiwa na kitabu mkononi, na kitabu kilitujenga. Hisia zilibaki mlangoni, na kila kizazi kimejaribu kuziingiza kwa njia yake.

Saa tisa za usiku

Siku hizi mlango ni kesha. Chukua kesha la kawaida la Ijumaa kwenye kanisa la mabati pembeni mwa mji wowote kati ya Emali na Mwingi. Jenereta inanguruma nyuma, spika mbili zimesimamishwa juu ya madawati ya shule, akina mama wamejifunga leso kiunoni na watoto wamelazwa juu ya mkeka penye ukuta. Watu wamefunga tangu asubuhi. Saa nne ni nyimbo, saa sita ni shuhuda, saa nane mhubiri mgeni anashika kipaza sauti. Ikifika saa tisa kijana wa kinanda hapigi tena wimbo, anashikilia sauti moja tu, ndefu, inayopanda polepole. Mhubiri anarudia neno moja. Mtu wa kwanza anaanguka, kisha wa tatu, kisha safu nzima.

Wako wanaosema huo ni uwongo mtupu. Sikubaliani nao. Mwili wenye njaa, uliokosa usingizi, ulioimba mstari mmoja mara hamsini huku besi ikigonga kifuani, utalia. Ndivyo Mungu alivyouumba, na machozi yake ni machozi ya kweli. Mama aliyebeba ada ya shule, mume mlevi na mahindi yaliyokauka shambani hahitaji kusukumwa sana ili alie. Huenda hapo ndipo pa pekee wiki nzima alipopata ruhusa.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Mtu akitetemeka, kutetemeka hakujitambulishi jina. Mhubiri wa kesha atasema ni Roho Mtakatifu ameshuka. Mhubiri wa kesha la jirani atasema ni pepo la ukoo, ukombolewe, na ukombozi una sadaka yake. Shangazi yake kule kijijini atasema ni aimu. Muuguzi wa zahanati atauliza mama alikula lini mara ya mwisho. Kutetemeka ni kule kule, majina ni manne. Kwa hiyo saa tisa za usiku, mwenye mamlaka juu yako ni yule anayezipa hisia zako jina ukiwa umelala sakafuni. Ndiye atakayekwambia ulichokutana nacho, na mara nyingi ndiye atakayekwambia kinachofuata.

Yeye ndiye wa kupimwa, kuliko machozi yako.

Msomi na dada yake

Mtu aliyeliona tatizo hili kutoka pande zote mbili alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. John Mbiti alikulia mikononi mwa AIM, akasoma Alliance, Makerere, Marekani, kisha Cambridge alikopata udaktari mwaka 1963. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Mimi napenda zaidi utafiti wake juu ya Wakamba wenzake: alichunguza jinsi walivyoyapokea mafundisho ya misheni kuhusu mbingu, moto na kurudi kwa Yesu. Aligundua kwamba mafundisho yaliyotolewa kama habari za kusadikiwa yalipokewa kama picha za kuonekana kwa macho, karibu, kesho kutwa. Kanisa lilidhani linafundisha vichwa peke yake, kumbe mioyo ilikuwa inasikiliza na kuongeza yake.

Mbiti pia alitunga kisa ambacho wanateolojia wa Kiafrika bado wanakisimulia, wakicheka na kuona haya. Kijana anarudi kijijini kutoka ng'ambo na udaktari wa teolojia, yaani elimu ya mambo ya Mungu. Anajua Kigiriki, Kiebrania, Kijerumani, na mizigo yake ya vitabu imezidi kilo za ndege. Kijiji kinachinja. Katikati ya sherehe dada yake mkubwa anapiga yowe, anaanguka: amepagawa na roho ya marehemu wa ukoo. Watu wanamgeukia daktari. Si umesoma? Msaidie dada yako. Naye anapekua vitabu vya Rudolf Bultmann, mwanazuoni Mjerumani aliyefundisha kwamba habari za pepo katika Agano Jipya ni lugha ya watu wa kale. Jibu alilopata ni kwamba kinachomsumbua dada yake hakipo.

Kisa hiki husomwa kama dongo kwa Wazungu. Nadhani kinatuhusu sisi pia. Mara ngapi mama amesimama kwenye ushirika, akaanza kueleza ndoto iliyomwacha na jasho, na mzee wa kanisa akamkata kwa mstari wa Biblia uliokuwa sahihi kabisa na usiomhusu? Hayo ni Maandiko yaliyotumiwa kama mlango wa kufunga. Mbiti hakuitupa Biblia kwa ajili hiyo. Katika uzee wake aliketi na Agano Jipya la Kigiriki akalitafsiri mwenyewe kwa Kikamba, toka mwanzo hadi mwisho.

Biblia yenyewe inasimama upande gani?

Fungua Nehemia 8. Ezra anawasomea watu Torati uwanjani tangu alfajiri hadi adhuhuri, Walawi wakipita katikati kueleza maana. Watu wanalia wote. Viongozi hawasemi, "Uamsho umeshuka, endeleeni!" Wala hawasemi, "Nyamazeni, hapa ni mahali pa elimu." Wanawaambia waache kulia, waende wakale, wanywe, na wamgawie asiye na kitu. Kesho yake wakuu wa jamaa wanarudi kusoma tena. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote: andiko likasomwa, likaelezwa, likaliza watu, kisha viongozi wakayapa machozi mahali pa kwenda, na mahali penyewe palikuwa kwenye sahani ya jirani.

Hana, mama yake Samweli, ni onyo la upande wa pili. Aliomba kwa uchungu hata midomo ikacheza bila sauti, na kuhani Eli akamwona mlevi. Mwenye cheo ndiye aliyekosea, na hisia za yule mama zilikuwa safi. Sifa ya Eli ni kwamba alipoelezwa alisikia.

Eliya alishusha moto Karmeli, na siku chache baadaye yuko chini ya mti anaomba afe. Mungu hakumwongezea moto. Alimpa mkate, maji na usingizi, mara mbili, kabla ya kusema naye lolote.

Na Paulo, anapowaandikia Wakorintho waliopenda kunena kwa lugha, yaani kuomba kwa maneno ambayo msemaji mwenyewe hayaelewi, hawakatazi. Anawawekea utaratibu: wawili au watatu, mmoja baada ya mwingine, na awepo wa kufasiri, asipokuwepo, mtu anyamaze. Wanaotoa unabii nao wawili au watatu, wengine wapime. Linganisha na kesha letu, ambapo watu mia mbili wananena kwa pamoja na anayepima hayupo.

Mlingano wa moyo na kitabu unaonekana hata mbali na kwetu. John Wesley, ambaye kutoka kwake tuna Wamethodisti, alisimulia kwamba usiku wa tarehe 24 Mei 1738 mjini London moyo wake ulipata joto lisilo la kawaida. Wahubiri hulitaja joto hilo kila mara. Hawataji alichokuwa akisikiliza: mtu alikuwa anasoma dibaji ya Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi, somo kavu ambalo leo lingelaza nusu ya kanisa. Ni kama Scott pale kaburini.

Lakini kitabu nacho chaweza kuua

Msomaji makini atasema: basi tushike Maandiko, yatatosha. Yasingekuwa ya Shakahola ningekubali upesi zaidi. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, miili ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, wengi wakiwa wamekufa njaa. Mackenzie ameshtakiwa na amekana mashtaka. Watu wale hawakupungukiwa na mistari ya Biblia. Walihubiriwa mistari kila siku. Walichonyimwa ni mtu wa pili wa kuifasiri: walitengwa na jamaa, shule, hospitali na makanisa mengine, mpaka ikabaki sauti moja.

Kwa hiyo ulinzi haumo katika karatasi tu. Umo katika andiko linalosomwa mbele ya watu wanaoruhusiwa kuuliza. Madarasa ya ubatizo ya zamani, pamoja na ukavu wake wote, yalikuwa na hilo: ulikuwa na Biblia yako, ukaweza kuinua mkono.

*Kwa ufupi:* kesha lisilo na mpimaji na mstari usio na mwulizaji hutokea kuwa hatari ya aina moja. Katika yote mawili kuna sauti moja na watu waliolala.

Ukihisi sana, na usipohisi kitu

Kwa aliyehisi Bwana anamwambia jambo, nina maswali machache ya kuanzia:

- Nilihisi hili lini? Nilikuwa nimekula, nimelala?
- Nani alikuwa wa kwanza kulipa jina, mimi au mwenye kipaza sauti?
- Je, linanitaka nitoe fedha, niache dawa, au niwakimbie ndugu zangu? Likitaka mojawapo ya haya, lisubiri.
- Nikilileta mchana, penye watu watatu wanaonipenda na kuijua Biblia, litasimama?

Mama wa dawa za presha asiambiwe kwamba hakuhisi kitu. Alihisi. Aulizwe, kwa upole, amejuaje kwamba ni kuhusu dawa. Mara nyingi utakuta alihisi amani kuu kesha likiendelea, na neno kuhusu dawa lilitoka kwa mwingine. Amani ni yake, aibebe kwa furaha. Dawa nazo anywe.

Kwa aliyekauka sina maneno mengi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuisha gizani, bila mstari wa kufarijiana, na bado watu wa Mungu waliiweka katika kitabu chao cha nyimbo. Mtu aliyeiandika hakuhisi faraja yoyote na aliendelea kumwita Mungu kwa jina. Mtu wa Kitui hawezi kushindwa kuelewa: mto Thua unapokuwa mchanga mtupu, akina mama hawasemi mto umekufa, wanachukua kata na kuchimba.

Ila tusidanganyane kwamba kila ukavu ni wa kiroho. Ikiwa kwa wiki kadhaa hulali, huli, hufurahii hata watoto, na mawazo ya kufa yanakujia, huo waweza kuwa ugonjwa, na hospitali za rufaa za kaunti, Kitui mjini na Wote, zina watu waliosomea hayo. Eliya alianza kwa kulala na kula.

Na kwa wazee wa kanisa, Jumapili mtu atakaposimama katikati ya ibada akisema, "Bwana amenipa neno," msimkatize kwa mstari, na msipige makofi. Mwenyekiti aseme tu: "Asante, mama. Tumelisikia. Tutakaa nalo pamoja nawe Jumanne jioni, uje na Biblia yako." Kisha Jumanne wafike kweli, wawili au watatu, wamsikilize mpaka amalize kabla hawajafungua kitabu.